Mwalimu Hajasema

Watu wengi husema siasa ni mchezo mchafu. Mara nyingi wanaosema hivyo hawajawahi kuucheza, au waliucheza wakashindwa na sasa wanataka kuonekana wasafi. Mimi niliucheza kwa miezi mitatu tu, huko Kabazi, mwishoni mwa miaka ya hamsini. Kwa hivyo ninachojua ni kidogo, lakini nakijua vizuri.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya shamba. Shule yenyewe ilikuwa nyumba moja ndefu ya udongo, mabati juu, na ndani tulikuwa na madarasa manne yaliyotenganishwa na mapazia ya magunia. Setla, Mzungu mwenye shamba, alitupa kiwanja na mabati, kisha akatupa masharti: darasa la nne, basi. Mtoto akimaliza la nne, kama baba yake alikuwa na ndugu Nakuru mjini na karo mkononi, angekwenda kusoma huko. Kama hakuwa navyo, angechukua kikapu na kuingia shambani kuchuma pareto, yale maua meupe ya dawa ya wadudu yaliyofunika vilima vyote vya upande ule. Karibu wote walichukua kikapu. Mwaka ninaoueleza, binti yangu wa kwanza alikuwa darasa la nne. Alikuwa wa kwanza au wa pili kila mtihani, na sisemi hivyo kwa sababu ni wangu. Sikuwa na ndugu Nakuru, na mshahara wangu ulikuwa wa kuchekesha. Darasa la tano likifunguliwa pale pale, angesoma. Lisipofunguliwa, angechuma.

Wakati huo tukasikia kwamba baraza la ushauri la Waafrika, ambalo mpaka siku hiyo wajumbe wake walichaguliwa na bwana DC, mkuu wa wilaya, kwa kuangalia nani anainama vizuri zaidi, sasa lingekuwa na viti vichache vya kuchaguliwa na watu wenyewe. Upande wetu, mashamba yote kuanzia Kabazi kuteremka mpaka Subukia, tulipewa kiti kimoja. Baraza lenyewe halikuwa na nguvu, jina lake tu lilisema hivyo. Lakini kwa mambo mawili bwana DC alilisikiliza, shule za mashamba na zahanati za mashamba, kwa sababu hayo hakutaka kuyafikiria mwenyewe.

Wa kwanza kujitokeza alikuwa nyapara mkuu wa shamba lililo kubwa kuliko yote. Mtu huyo hakuwa mkatili, watu husahau hilo. Alikuwa mcheshi, alijua majina ya watoto wa kila mfanyakazi, ila alijua majina hayo ili ajue nani ametimiza umri wa kubeba kikapu. Alisema waziwazi kwamba darasa la nne linatosha, na masetla walimpenda kwa ukweli wake huo.

Sisi tuliotaka darasa la tano tulikuwa wagombea watatu, na tukaona kwamba tukisimama wote tutagawana watu wetu na nyapara apite katikati. Tukakubaliana tuchujane kwanza. Jumapili moja baada ya ibada, nje ya kanisa, kila mmoja wetu akasimama mahali pake na watu wakapanga mstari nyuma ya wanayemtaka. Mmoja alikuwa mimi. Wa pili alikuwa fundi wa cherehani aliyeshona katika veranda ya duka la Mhindi pale Subukia. Wa tatu alikuwa dresa, mtu wa dawa, aliyezunguka mashambani kwa baiskeli na sanduku la mbao nyuma, akifunga vidonda na kugawa kwinini.

Dresa alishinda. Mimi nilikuwa wa pili, tena si kwa mbali. Mstari wa fundi wa cherehani ungeweza kukaa kwenye benchi moja na nafasi ingebaki.

Kilichofuata nakikumbuka kwa sababu nilicheka. Kabla hata vumbi halijatulia, fundi wa cherehani alitoka mahali pake, akavuka uwanja, akaushika mkono wa dresa na kuuinua juu pamoja na wake. Akasema, "Mimi niko na huyu." Basi, hayo tu. Watu wakacheka, na mimi nikamwambia mzee aliyekuwa karibu nami kwamba jamaa huyu amejitoa bure kabla hajaombwa. Mzee akacheka pia.

Mimi nilimpa dresa mkono kama mtu mstaarabu, nikamwambia nina madaftari ya kusahihisha, nikaenda zangu. Ilikuwa Jumapili na sikuwa na daftari hata moja.

Niliumia. Sioni haja ya kulipamba neno hilo. Niliona kwamba nusu ya mstari wa dresa ilikuwa ya akina mama ambao watoto wao aliwatibu, na nikajiambia kwamba wamezoea tu kupanga mstari mbele yake wakingoja kwinini, hata hawakujua siku hiyo wanapanga kwa ajili ya nini. Nilimwambia mke wangu mzaha huo jioni. Hakucheka. Aliniuliza ni nani aliyekaa na binti yetu usiku kucha alipougua mapafu. Nikamwambia anyamaze.

Sasa nieleze kwa nini kimya changu kilikuwa na uzito. Mimi si mzaliwa wa bonde lile. Nilitoka magharibi, na katika mashamba manne ya bondeni kulikuwa na watu wengi wa kwetu waliokuja kutafuta kazi. Barua zao niliwaandikia mimi, na za kutoka nyumbani niliwasomea mimi. Nilijua ni mke gani amekimbia na ni ng'ombe gani amekufa kabla mwenyewe hajajua. Dresa alikuwa mtu wa bonde, lugha yake nyingine, na watu wangu, ingawa walikunywa dawa zake, hawakuwa wepesi wa kumwamini kwa jambo jingine. Kwa hivyo watu wa dresa walipowapitia kuomba kura, walipata jibu moja kila mahali.

"Sisi tunangoja mwalimu. Mwalimu hajasema."

Maneno hayo yaliponifikia, nilihisi utamu ambao sijauhisi tena maishani. Nilishindwa uchaguzi, lakini mashamba manne yalikuwa yamenyamaza yakiniangalia mdomo. Nililala vizuri. Nilianza kutembea polepole.

Wiki iliyofuata dresa alikuja nyumbani. Aliegemeza baiskeli ukutani, akaingia, akanywa chai, akasema lake bila kuzunguka.

"Mwalimu, watu yako wanangoja wewe. Mimi naomba useme."

Nikamweleza, kwa upole wote wa mwalimu, kwamba ilikuwa mapema mno. Nikisema sasa, nilimwambia, watu watafikiri tulikuwa tumepanga, kwamba hata kuchujana kwetu kulikuwa kiinimacho. Acha kwanza watu wasahau kwamba tulishindana. Alinisikiliza, akasema ni sawa, akaomba kumwangalia binti yangu kifua kabla hajaondoka.

Alirudi mwezi uliofuata. Mvua ya masika ilikuwa imeanza na alikuwa ameloa mpaka ndani. Safari hii nilikuwa na nadharia kamili. Nilimwambia kwamba neno lililosemwa katikati ya kampeni ni neno lililopotea, maana kufikia siku ya kura watu watakuwa wamelisahau, na nyapara atakuwa amepata nafasi ya kulijibu. Neno zuri, nilimwambia, ni lile linalosemwa mwishoni, likiwa bado moto, adui hana muda wa kujibu. Naamini hata nilisimama na kutembea tembea kama niko mbele ya ubao. Na ubaya wenyewe ni kwamba hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Ningeisikia kwa mtu mwingine ningeikubali. Ila sikuwa nimeifikiria kwa ajili yake. Niliifikiria ili aje mara ya tatu.

Alipoondoka mke wangu alitoka jikoni.

"Baba watoto, unangoja nini?"

"Wakati wake."

"Wakati wa nani?"

Nikamwambia mambo ya siasa hayaelewi. Akasema kweli, hayaelewi, anachoelewa ni kwamba mtihani wa mtoto uko mwezi wa kumi na moja.

Nataka kusema nilichokuwa nikingoja, kwa sababu nimechukua miaka mingi kukikubali. Nilitaka dresa aseme kwamba bila mimi hawezi. Si kuniomba tu, kuomba alikuwa ameshaomba. Nilitaka akiri kwamba mstari ule wa nje ya kanisa ulikosea. Hakuwahi kukiri hivyo, na sidhani ilimpitia akilini kwamba hicho ndicho kilichotakiwa. Yeye alifikiri tunazungumza juu ya darasa la tano.

Mara ya tatu alikuja Jumanne jioni, na karatasi mkononi, akaiweka mezani. Lazima msomaji wa leo aelewe hali ya siku zile. Hali ya Hatari ilikuwa bado haijaondolewa. Hukuweza kukusanya watu na kuwahutubia kwa sababu tu una la kusema. Uliomba kibali kwa bwana DC Nakuru, na kibali kilikuwa kimoja kwa kila mgombea, mkutano mmoja, mahali pamoja, saa zilizoandikwa. Karatasi ile ilikuwa kibali hicho, na mkutano wa dresa ungekuwa katika uwanja wa soko la Subukia, Jumamosi, siku chache kabla ya kura.

"Kesho napanda basi naenda Nakuru kupeleka majina ya wenye watasema," aliniambia. "Wanataka yote mapema. Mimi nishaandika yangu na ya fundi. Niandike yako?"

Niliitazama ile karatasi na nikaona mtego. Jina langu likifika ofisi ya DC, niliwaza, litamfikia nyapara kesho yake, maana makarani wa pale walikuwa rafiki zake. Mshangao wote utaisha. Na pia, nikiandikwa, nimefungwa. Nitakuwa nimempa neno langu kabla sijalisema, nimekaa chini ya fundi wa cherehani kwenye orodha. Nikamuuliza kwa nini anataka mambo ya karatasi kati ya marafiki.

"Mwalimu, nishakuomba mara tatu," alisema. "Sijui namna ingine ya kuomba."

"Siku ya mkutano utaniona."

"Utasema?"

"Utaniona."

Alikunja karatasi yake, akaitia katika mfuko wa ndani wa koti. Hakukasirika. Ningependa kukumbuka kwamba alikasirika.

Hapa ndipo palipo kosa langu, na ni kosa la mtu aliyezoea kusomea wengine. Watu wote wa pande zile waliniletea karatasi zao niwaambie zinasema nini. Kibali cha dresa kilikuwa mbele yangu, kwenye meza yangu, kimeandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili, na sikukisoma. Niliona jina la ofisi juu na mhuri chini, nikajiona najua kilicho katikati.

Jumamosi hiyo mke wangu alipiga shati pasi ya makaa na mimi nikapiga viatu rangi. Nilichelewa kwa makusudi. Nilitaka uwanja uwe umejaa, dresa awe amesema, fundi awe amesema, watu waanze kuulizana mwalimu yuko wapi. Ilikwenda sawasawa kama nilivyopanga. Nilipofika nyuma ya uwanja fundi alikuwa anamalizia. Watu wangu walikuwa wamekaa pamoja kwenye majani upande wa juu, wengi mno, wametembea maili na maili kutoka mashamba yale manne. Waliponiona walisimama. Wakaanza kupiga makofi, na akina mama wakapiga vigelegele. Nilipita katikati yao polepole nikitazama mbele.

Jukwaa lilikuwa trela la trekta. Kando yake palikuwa na meza, na inspekta Mzungu wa polisi ameketi hapo na askari wake mmoja aliyekuwa akiandika kila neno. Nilipanda ngazi. Dresa alinitazama na uso wake ukafunguka, kisha, palepale, ukafungika tena, na sikuelewa kwa nini. Inspekta alisimama, akaja karibu na trela, karatasi mkononi. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye adabu. Aliongea kwa sauti ya chini na kile Kiswahili chao.

"Jina yako nani?"

Nikamwambia. Akapitisha kidole kwenye karatasi, chini, kisha juu tena.

"Wewe hapana iko kwa karatasi. Kama wewe nasema, mkutano nakwisha. Na huyu bwana," akamwelekezea dresa kidole, "yeye nakwenda kortini."

Nikamgeukia dresa. Alisogea karibu, akaniambia sikioni, "Mwalimu, shuka. Tafadhali, shuka tu."

Yote hayo hayakuchukua muda wa kunywa kikombe cha maji. Nilisimama pale juu na hotuba yangu kichwani, hotuba nzuri, na mbele yangu watu waliokuwa wamengoja miezi mitatu wakaacha makofi ili wasikie. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuushika mkono wa dresa nikauinua. Inspekta alikataza kusema, hakukataza mkono. Fundi wa cherehani, ambaye hakuwahi kukaa darasani, alijua kufanya hivyo nje ya kanisa bila kufundishwa. Mimi wazo hilo halikunijia kabisa. Kilichonijia ni joto la aibu usoni, na hasira, na nilichotaka ni kuondoka mbele ya macho ya watu. Niligeuka nikashuka. Nilitembea mpaka barabarani bila kumtazama mtu.

Nilipokuwa nangoja pumzi inirudie, mmoja wa watu wangu alinifuata, mkamuaji wa ng'ombe ambaye barua zake zote niliziandika mimi. Alinishika bega.

"Mwalimu, tumeelewa."

"Mmeelewa nini?"

"Tumeona. Umepanda, umemwangalia, amekunong'oneza maneno, umekataa. Hata sisi tulikuwa tunamshuku huyo mtu."

Nilimwambia sivyo. Nilimweleza habari ya karatasi na inspekta. Aliitikia kwa kichwa pole pole akinikubalia, kama unavyomkubalia mgonjwa, na nikaona haniamini. Kule nyuma hakuna aliyesikia neno hata moja. Walichoona ni kwamba mwalimu wao, baada ya kufikiri miezi mitatu, alipanda jukwaani, akamtazama dresa usoni, akashuka. Walikuwa wameomba neno langu na walilipata.

Zilibaki siku tatu. Niliyoyafanya katika siku hizo tatu ndiyo niliyopaswa kuyafanya katika miezi mitatu, na niliyafanya kwa miguu. Jumapili nilisimama mlangoni mwa kanisa nikamwambia kila aliyetoka kwamba mimi niko na dresa. Jumatatu nilifunga shule, jambo ambalo sijawahi kulifanya kabla wala baadaye, nikaanza kuzunguka mashamba. Kwenye shamba la kwanza mlinzi aliniambia wageni hawaingii saa za kazi, amri ambayo nyapara mkuu aliiomba kwa masetla wote. Nikangoja mpaka saa ya kutoka kazini, nikawakuta watu mtoni. La pili, Jumanne, vivyo hivyo. La tatu na la nne sikuwahi kufika kabla ya giza na kafyu.

Waliokubali kunisikiliza walinisikiliza kwa huruma. Mtu mmoja mzima, mwenye mvi, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Wamekutisha, mwalimu? Yule Mzungu alikuambia nini pale juu?"

Walikuwa wameyaunganisha mambo kwa akili yao. Nilikuwa mtu wa kimya kwa miezi mitatu, nikamkataa dresa hadharani, polisi wakanisemesha, na sasa, ghafla, ninakimbia mashambani nimeloa jasho nikimsifu. Walidhani nimelazimishwa. Wengine walinishauri nisijihatarishe. Kadiri nilivyosisitiza ndivyo walivyozidi kunionea huruma, na mwishowe nikawa napiga kelele kwa wazee wa umri wa baba yangu kando ya mto, nikiwaambia hii ni kauli yangu mimi mwenyewe.

Siku ya kura tulipanga mstari tena, safari hii mbele ya karani wa DC. Nilikuwa mtu wa kwanza nyuma ya dresa. Fundi wa cherehani alikuwa nyuma yangu. Niligeuka kutazama watu wangu. Wachache walikuja kwetu, labda kwa kunihurumia. Baadhi walisimama kwa nyapara, na hao hawakunitazama. Lakini wengi hawakuja kabisa. Walikaa kambini wakapalilia mboga zao, kwa sababu waliamini kwamba ndivyo ningetaka, ila nimezuiwa kusema. Dresa alishindwa kwa idadi ya watu ambayo shamba moja tu kati ya yale manne lingeitoa na wengine wakabaki.

Nyapara alichukua kiti. Katika baraza aliulizwa juu ya shule za mashamba, akasema darasa la nne linatosha, na bwana DC akaandika. Masetla waliokuwa wakimlipa dresa kwa pamoja hawakumfukuza, hilo lingeonekana vibaya. Walimhamisha tu mpaka Sachangwan, upande wa Molo, kwenye baridi, mbali na watu wote waliomjua.

Likizo ya mwezi wa nane nilimfuata huko. Nilimkuta kwenye kibanda cha mbao akimfunga mtoto kidonda cha mguu, na nikangoja zamu yangu na wagonjwa. Alipomaliza tulitoka tukakaa nje juani. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha na niliuomba vizuri, kwa mpangilio, nikieleza habari ya kibali na jinsi ambavyo sikukisoma.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, ile karatasi haikuwa shida," alisema. "Hata bila mkutano. Ungetembea na mimi kutoka kanisani ile Jumapili, mpaka njia panda tu, wakuone. Singetaka hotuba."

"Niliumia," nikasema.

"Nilijua. Mimi pia ningeumia. Msichana wako anaendelea namna gani na kifua?"

Nilimwambia anaendelea vizuri. Tukazungumza habari za mvua. Nilipanda basi la mwisho nikarudi, na hatukuonana tena. Sikwenda, na yeye hakuwa na sababu ya kuja.

Mwezi wa kumi na moja binti yangu alifanya mtihani akawa wa kwanza. Matokeo niliyaandika mimi ubaoni kwa mkono wangu, jina lake juu ya yote, na watoto wakampigia makofi. Januari, siku ambayo shule ilifunguliwa, nilitoka nyumbani saa moja asubuhi kwenda kufundisha darasa la kwanza, la pili, la tatu na la nne, na yeye akatoka na mama yake kwenda pareto. Tulifuatana njia moja mpaka mahali ambapo njia hugawanyika. Mtoto aliniaga kama alivyoniaga kila siku, "Haya, mwalimu," kwa maana shuleni nilimkataza kuniita baba, na sikuwa nimemwambia kwamba sasa anaweza.

Leo yeye ni mama mtu mzima, na watoto wake, wajukuu zangu, wako mbali. Yeye husoma Kiswahili bila shida. Lakini siku zile Kiingereza cha maana kilianza darasa la tano, na vyeti vya hospitali, barua za benki, ripoti za shule za wajukuu, vyote huja kwa Kiingereza. Huniletea mimi. Hukaa kando yangu, mikono magotini, akingoja. Mimi huvaa miwani, naanza juu, nasoma kila neno mpaka chini, hata yale yasiyo na maana, kisha namwambia yanasema nini. Hajawahi kuniuliza kwa nini hakusoma. Nikimaliza hukunja karatasi na kunishukuru.